Motakaa Inaposita: Neno juu ya Kutafuta Sababu

Magonjwa ya vyombo yafanana na magonjwa ya watoto wachanga kwa jambo hili, ya kwamba yule aumwaye hawezi kunyosha kidole mahali panapouma. Mtoto hulia tu. Motakaa nayo hukohoa, hutetemeka, hufa njiani, wala haisemi ni kwa ajili ya nini. Basi wale wanaoizunguka huisemea, na kila mmoja hutoa sababu ile aliyokuwa nayo moyoni kabla hajafika. Yule aliyepata kuuziwa petroli mbaya husema ni petroli; yule asiyempenda fundi husema ni fundi; na yule mwenye kuuza vyombo vipya husema chombo hiki kimekwisha, lete fedha.

Twataka kueleza habari ya motakaa moja iliyokuwa ikisita, na jinsi sababu yake ilivyotafutwa hata ikaonekana. Twajua ya kuwa wasomaji wetu walio wengi hawana motakaa ya namna hii, wala hawaitumaini. Lakini baadhi ya mashine za kusaga, pampu za maji na pikipiki zinazopita mbele ya nyumba zetu zina kabureta vilevile, nazo husita vilevile. Tena njia ya kutafuta sababu ni moja, iwe katika injini, au katika shamba lisilozaa, au katika mtoto asiyeendelea darasani.

Motakaa yenyewe ni MGB ya mwaka wa 1965, ndogo, ya watu wawili, ya wazi juu, iliyotengenezwa kwa watu wapendao kwenda mbio. Zilitengenezwa katika mji wa Abingdon, nchi ya Uingereza, tangu mwaka 1962 hata mwaka 1980, na jumla yake ilipita 500,000. Injini yake ina silinda nne, na ujazo wake ni sentimeta za ujazo 1,798. Mwenyewe ni mzee mmoja wa upande wetu huku mlimani, juu ya mji wa Moshi. Aliinunua zaidi ya miaka 40 iliyopita kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao, naye ameitunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wa maziwa. Watoto wote wa kijiji chetu waijua kwa sauti kabla hawajaiona.

Injini hii hulishwa na kabureta mbili za aina iitwayo SU. Herufi hizo ni ufupisho wa Skinners Union, yaani umoja wa akina Skinner, ndugu wa jamaa ya wauza viatu wa London, walioanza kazi ya kabureta yapata mwaka 1905. Kabureta zao za kwanza zilikuwa na kiriba cha ngozi, ambayo si ajabu kwa wana wa wauza viatu. Baadaye kiriba kikaachwa, ikatiwa pistoni ya madini mahali pake.

Yafaa msomaji aelewe kabureta hiyo ifanyavyo kazi, kwa kuwa asiyejua uzima wa kitu hawezi kuujua ugonjwa wake. Injini huvuta hewa kwa nguvu kama mtu anywaye uji kwa mrija. Katika njia ya hewa hiyo imesimama pistoni, ndani ya chombo mfano wa kengele. Chini ya pistoni imening'inia sindano nyembamba, nene juu na kuchongoka chini, nayo imeingia katika tundu liitwalo jeti, ambamo petroli hupanda. Injini ikivuta hewa nyingi, pistoni huinuka, na sindano huinuka pamoja nayo. Kwa kuwa sindano imechongoka, tundu hupata nafasi kubwa zaidi, na petroli hutoka zaidi. Hewa ikipungua, pistoni hushuka, na petroli hupungua. Hivyo hewa yenyewe hujipimia petroli yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lakini kuna taabu moja. Mwendeshaji akikanyaga mafuta ghafula, hewa hukimbia ndani upesi kuliko petroli, maana hewa ni nyepesi na petroli ni nzito. Pistoni nayo ingeruka juu mara moja, na ule mvuto juu ya jeti ungepungua wakati uleule injini inapotaka chakula kingi. Injini ingepata hewa tupu kwa dakika ya jicho, ikakohoa. Kwa hiyo wenye kuiunda waliweka oili katika fimbo yenye tundu iliyo katikati ya pistoni, na ndani ya oili hiyo wakatia kijiti chenye kizibo cha shaba. Pistoni itakapo kuruka, oili huizuia ipande polepole; na kwa sababu imezuiwa, mvuto juu ya jeti huzidi, na petroli hutoka kwa wingi. Kabureta za namna nyingine zina pampu ndogo ya kurusha petroli kwa wakati huo. Hii ya SU haina pampu, ina oili tu. Msomaji na aikumbuke oili hii, kwa maana tutakutana nayo tena.

Basi mwaka jana motakaa ya mzee ilianza kusita. Ilikuwa ikienda vizuri, lakini akikanyaga mafuta ili apite lori, au apande kilima kutoka njia panda ya sokoni, ilikufa kwa kitambo cha pumzi moja, ikakohoa, kisha ikaruka mbele kama punda aliyechapwa. Siku moja iliruka hivyo karibu na wanawake waliokuwa wakivuka na ndizi zao. Hapakuumia mtu, lakini mzee aliogopa sana, na tangu siku ile akaacha kuiendesha.

Majuma mawili kabla ya hayo kijana mmoja aliyekuwa akijifunza ufundi katika gereji ya nduguye mzee alikuwa ameihudumia motakaa hiyo. Aliweka plagi mpya, akaweka kontakti mpya katika distribyuta, akazifungua kabureta akazisafisha. Twamjua kijana huyo, kwa kuwa alisoma katika shule yetu. Si mwepesi wa maneno, bali ni mwenye mikono mizuri. Mzee alisema kijana ameiharibu motakaa. Mshahara wake wa miezi miwili ukazuiwa, na habari ikasemwa ya kwamba mwisho wa mwezi ataondolewa katika gereji. Baba yake alikwenda kwa mzee kusema neno, wakakosana, hata wakawa wanapitana njiani pasipo salamu, nao ni watu waliochimba mfereji mmoja wa maji tangu ujana wao.

Haya ndiyo yaliyotufanya tuingie katika shauri hili. Mzee alitwita, akasema, "Mwalimu, wewe wafundisha mambo ya nguvu na umeme. Njoo utazame, kisha useme mbele ya watu kama si huyu." Tukamwitikia, "Shikamoo, mzee. Tutakuja kutazama, lakini kusema tutasema lile litakaloonekana tu." Tukaomba kijana naye awepo. Mzee hakupenda, lakini alikubali.

Baraza lilikuwa limekwisha kutoa sababu tatu nyingine. Mmoja alisema ni mlima, kwa kuwa hewa ya juu ni nyembamba. Neno hilo lina kweli ndani yake: kwa mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa kama sehemu moja katika saba. Lakini hewa ikipungua, petroli huwa nyingi mno kuliko hewa, na alama yake ni moshi mweusi na masizi. Kukohoa kwa kabureta ni alama ya petroli kupungua. Tena motakaa hii imekaa mlimani miaka yote hiyo pasipo kukohoa. Wa pili alisema ni petroli ya siku hizi isiyo na risasi. Lakini petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Ugonjwa ulioanza jana haufai kupewa sababu ya miaka mingi iliyopita. Risasi ikikosekana, kitu kinachoweza kulika ni makalio ya valvu, na ugonjwa wake huja polepole, nao ni kupungua nguvu kila wakati, si kusita mara moja. Wa tatu, fundi wa gereji moja ya mjini, alisema kabureta zimekwisha, zinunuliwe mpya. Hakuzifungua wala hakuiendesha motakaa.

Neno la kwanza tulilouliza ni hili: yasita lini? Mzee alijibu, "Kila wakati." Lakini mgonjwa akisema aumwa mwili mzima, mganga mwema humwuliza tena. Tukapanda naye, na kijana akafuata kwa pikipiki, tukaenda barabarani muda wa saa moja, tukiandika katika daftari. Tuliona ya kuwa injini ikisimama yanguruma sawasawa. Ikienda mbio kwa mwendo mmoja barabara ya tambarare, haikosi hata mara moja. Mguu ukishuka polepole juu ya mafuta, yapanda vizuri hata mwisho. Mguu ukishuka ghafula, ndipo isitapo. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili hizi ziliondoa mambo mengi kabla hatujashika spana. Kama pampu ya petroli ingekuwa dhaifu, au chujio limeziba, injini ingekufa njaa katika mwendo wa mbio wa kuendelea na katika kilima kirefu. Kama plagi moja ingekuwa mbovu, ingekosa kila wakati. Ugonjwa huu ulikuwa ni wa badiliko, si wa mwendo.

Hata hivyo tulipima kila kitu, kwa kuwa mbele ya watu wenye kugombana haitoshi kufikiri, sharti kuonyesha. Tuliisikia pampu iliyo nyuma ya motakaa ikigonga kwa haki, na petroli ikatoka katika mrija kwa nguvu bila mapovu. Tulifanya hivyo injini ikiwa baridi na mchanga ukiwa karibu, kwa ajili ya moto. Tukatoa plagi: zote nne zilikuwa na rangi ya hudhurungi kama ganda la karanga. Plagi nyeusi yenye masizi ingesema petroli nyingi. Plagi nyeupe ingesema petroli chache. Hizi zilisema katika mwendo wa kawaida petroli na hewa zapatana.

Kisha tukatazama umeme. Mafundi wazee wana neno lao, ya kwamba ugonjwa wa kabureta mara nyingi hukaa katika distribyuta. Na sababu yake ni kwamba kabureta huonekana, bali cheche haionekani. Tukapima nafasi ya kontakti: yatakiwa iwe baina ya milimeta 0.36 na 0.40, nayo ilikuwa 0.38. Nafasi ya plagi ilikuwa milimeta 0.64, kama itakiwavyo. Cheche ilikuja digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, kama kitabu cha motakaa kisemavyo. Kila kipimo tulikisoma kwa sauti, na mzee akakitazama mwenyewe kwa miwani yake. Hakusema neno. Kazi ya kijana katika mambo haya matatu ilikuwa safi kabisa.

Tukachukua mpira mwembamba wa urefu wa mkono, tukaweka ncha moja sikioni na nyingine mdomoni mwa kila kabureta. Sauti ya hewa ilikuwa sawa katika zote mbili; basi zavuta sawasawa. Tukazungusha mpira huo kando ya maungio yote, kutafuta mahali hewa inapoingia kwa wizi, hatukusikia kitu. Tukainua kila pistoni kwa kidole, tukaiacha: ilianguka kwa sauti ya kugonga, *tak*, maana yake sindano haigusi kando ya jeti.

Hata tulipofika kwenye oili, ndipo tulipopata jambo la kwanza. Ukifungua kile kizibo cha juu, ukainua kijiti, ukakirudisha chini, sharti mkono uhisi kuzuiwa kama milimeta 6 hivi kabla kizibo hakijakaa mahali pake. Sisi hatukuhisi kitu. Kijiti kilishuka kama kijiko katika maji. Tukamwuliza kijana, "Ulitia oili gani?" Akasimama kimya kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nilitia oili ya cherehani. Niliiona safi, nikadhani iliyo safi ndiyo bora." Hakujificha nyuma ya neno lolote. Tukamwaga oili hiyo nyepesi, tukatia oili ya injini ya namba 20, na mkono ukahisi kuzuiwa. Tukaenda barabarani tena. Kukohoa kulikuwa kumekwisha.

Lakini kusita hakukwisha. Kulipungua tu, injini ilikuwa bado ikifa kwa kitambo mguu uliposhuka ghafula, pasipo kukohoa sasa, kimya, kama taa iliyozimwa na kuwashwa.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote, wala ugumu huo haukuwa wa injini. Mzee alikuwa amekwisha kupata alichokitaka. Alisema, "Basi, mmesikia kwa kinywa chake. Ni huyu." Na wale wa baraza wakaitikia kwa vichwa. Mtu apatapo kosa la kweli kwa yule aliyemshuku, hupenda kumtwika na mengine yote yaliyobaki, kwa kuwa ni rahisi kuliko kuendelea kutafuta. Tukamwambia, "Mzee, oili ilikuwa sababu ya kukohoa, na kukohoa kumekwisha. Kitu kilichobaki hakiwezi kuwa kazi ya oili iliyokwisha kumwagwa. Tupe siku ya kesho." Alikaa muda, akasema, "Kesho, lakini kesho tu."

Siku ya pili hatukushika kitu chochote. Tulitazama saa tu. Motakaa hii ina saa ya kuhesabu mizunguko ya injini, na saa hiyo hupata hesabu yake kwa umeme uleule uwashao cheche. Tulimwomba kijana aendeshe, na mzee akae kando yake aitazame saa hiyo peke yake. Kama injini ingekosa petroli, sindano ya saa ingeshuka polepole pamoja na injini. Bali mguu uliposhuka, mzee akapiga kelele, "Imeanguka! Imeanguka chini, ikarudi!" Gari lilikuwa likienda na magurudumu yalikuwa yakiizungusha injini, injini haiwezi kusimama na kuanza tena kwa dakika ya jicho. Basi kilichosimama si injini, ni umeme. Tangu hapo tuliziacha kabureta kabisa.

Sasa ni kitu gani katika umeme kinachobadilika mguu ushukapo? Kando ya distribyuta kuna kisanduku cha duara chenye kiwambo ndani yake, kilichoungwa kwa bomba jembamba na kabureta ya nyuma. Mvuto wa hewa ubadilikapo, kiwambo huvutwa au huachiliwa, nacho huzungusha kidogo kile kibao ambacho kontakti zimekaa juu yake, ili cheche ije mapema zaidi au ichelewe, kama injini itakavyo. Kila mguu ushukapo au kuinuka, kibao hicho hutikisika. Tukalitoa lile bomba jembamba, tukaziba upande wa kabureta kwa kijiti, tukaenda barabarani. Mzee aliendesha mwenyewe. Alikanyaga mafuta mara kumi pale penye kilima cha sokoni, na motakaa haikusita hata mara moja. Tukarudisha bomba, ikasita. Tukaliondoa, haikusita. Jambo lifanyikalo mara moja laweza kuwa bahati. Likija na kuondoka kwa amri yako, hilo umelishika.

Kiwambo chenyewe hakikuwa kimetoboka, maana tulilifyonza bomba kwa kinywa, tukaziba kwa ulimi, na mvuto ukakaa. Basi kosa lilikuwa katika kile kinachotikiswa. Tukafungua kifuniko cha distribyuta. Ndani yake kuna waya mfupi, laini, uletao umeme kwenye kontakti, nao hupindwa kila kibao kigeukapo. Kwa macho ulikuwa mzima. Ngozi yake haikuwa na mpasuko. Tukachukua betri ya tochi na balbu ndogo, vile vile tunavyofundishia watoto wa darasa la sita, tukaupitisha umeme katika waya ule peke yake. Balbu ikawaka. Tukaupinda waya kidogo kwa kidole, kama kibao kiupindavyo. Balbu ikazimika. Tukauachia, ikawaka.

Watu wote waliokuwapo waliona. Mzee alimwambia kijana, "Pinda wewe." Kijana akapinda, ikazimika. Kisha mzee akapinda mwenyewe, mara tatu, wala hakuchoka kuitazama ile balbu.

Tulipoupasua waya, tuliona ndani yake nyuzi nyingi za shaba, na karibu zote zilikuwa zimekatika. Ncha zake zilikuwa nyeusi; moja mbili tu zilikuwa zang'aa. Mzee aliuliza kwa haki, "Je, hakuukata alipoweka kontakti mpya?" Tukamjibu ya kuwa shaba iliyokatika karibuni hung'aa, na iliyokatika zamani hufanya weusi. Yawezekana mkono wa kijana uliumaliza uzi wa mwisho, kama vile mtu wa mwisho kupita awezavyo kuangukiwa na daraja lililokwisha kuoza. Lakini waya huu ulikuwa umeanza kufa miaka mingi kabla yeye hajashika spana. Tukaweka waya mpya, laini, wa nyuzi nyembamba nyingi, usio kama ule mgumu wa kutia taa nyumbani. Urefu wake haukufika kiganja kimoja, na bei yake haikufika bei ya mkungu wa ndizi.

Mzee alikwenda barabarani peke yake, akarudi. Aliketi ndani ya motakaa bila kushuka, akasema, "Kijana, oili ni yako. Waya ni wangu mimi na uzee wetu sisi wawili, mimi na gari hili. Jumatatu uende kazini." Mshahara ulilipwa wote. Jioni ile tulimwona akishuka kwa miguu kuelekea nyumba ya baba wa kijana; waliyosemezana hatukuyauliza, lakini juma lililofuata walikuwa wakisalimiana penye mfereji kama desturi yao ya zamani.

Tumeona vema kuandika hapa chini mambo machache ambayo twayafundisha sasa darasani kwa mfano huu, ili aliye na mashine ya kusaga au pikipiki yapate kumfaa.

Kwanza, uliza ni lini ugonjwa uonekanapo, na ni lini usipoonekana. Ule wakati usipoonekana hufundisha sawasawa na ule uonekanapo.

Pili, badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha ujaribu. Mtu abadiliye plagi, petroli na kabureta kwa siku moja, akapona, hajui dawa ni ipi. Na asipopona, hajui ameongeza ugonjwa gani.

Tatu, anza na kisichogharimu kitu: kutazama, kusikiliza, kuandika. Kununua kuje mwisho.

Nne, kukohoa kupitia kabureta ni alama ya petroli chache. Moshi mweusi ni alama ya petroli nyingi. Kukatika kimya, kama taa izimwapo, ni alama ya umeme.

Tano, ukipata sababu moja, usidhani umezipata zote. Jaribu tena. Ugonjwa ukibaki, sababu nayo imebaki.

Sita, usiwashe moto wala usivute tumbako penye petroli iliyo wazi, wala usifungue bomba la petroli injini ikiwa na joto.

Yule kijana ametundika daftari ukutani katika gereji, na kila chombo kiletwacho huandikiwa kwanza neno la mwenye chombo, kisha lile lililoonekana, kisha lile lililofanyika. Twasikia ya kuwa mafundi wakubwa kuliko yeye huja kulitazama. Kwa oili ya kabureta, ameandika kwa herufi kubwa katika ukurasa wa mbele: NAMBA 20, SI YA CHEREHANI.